Makuti Elfu Nane na Pini Iliyofungwa

Mimi ndiye niliyeuomba mfumo ule. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanaonihurumia siku hizi huanza kwa kuulaani, nami nikiwaacha waendelee nitakuwa mnafiki.

Nilikuwa karani wa malipo katika hoteli moja ya Diani kwa miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kuwalipa waliotuuzia vitu: samaki, mayai, mchele, sabuni, gesi, hata maji ya bauza, lile lori la tangi, siku mifereji ilipokauka. Zamani malipo yale yalikuwa mateso. Muuzaji alileta ankara iliyoandikwa kwa mkono, mara nyingine kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto. Meneja akatia sahihi, hundi ikaandikwa, kisha hundi ikangoja mtu wa pili wa kutia sahihi, ambaye alikuwa Nairobi. Mvuvi angeweza kutuletea kamba mwezi wa saba akalipwa mwezi wa kumi.

Kisha watu wa ushuru wakaja kutukagua. Walikaa ofisini kwetu wiki mbili, wapole, wakinywa chai yetu na kufungua mafaili moja baada ya jingine. Kila gharama isiyokuwa na ankara ya kielektroniki waliikata. Kwao wao ilikuwa kana kwamba hoteli haikununua kitu hicho kamwe, kwa hiyo pesa ile ilihesabiwa kuwa ni faida, na faida hulipiwa ushuru. Juu ya ushuru ikaja faini. Msimamizi wetu wa fedha, bwana mmoja wa bara aliyekuwa akisali kimoyomoyo kabla ya kuwasha kompyuta, alikonda mbele ya macho yetu. Wenye hoteli walimwandikia barua. Hakutuonyesha, lakini tulijua ilivyosema, maana tangu siku ile alianza kufunga mlango wake.

Hapo ndipo nilipompelekea pendekezo langu. Tuweke mfumo wa malipo ambao muuzaji anajisajili kwa pini yake ya ushuru, yaani namba yake ya mlipakodi, anatuma ankara ya kielektroniki, mfumo unailinganisha na oda na mzigo uliopokelewa, na ikiwa vyote vinalingana pesa inaingia kwenye simu yake siku ya saba bila mkono wa mtu. Tena nikaomba kila mwisho wa mwezi mfumo ulinganishe pini na namba za simu za wauzaji na zile za wafanyakazi, kwa sababu kabla yangu palikuwa na mtunza stoo aliyekuwa akituuzia sukari yetu wenyewe.

"Hii ni nzuri sana, madam," bosi aliniambia. "Ikifaulu, nitalala usingizi."

Ilifaulu. Wavuvi walilipwa kwa wiki moja. Mwuza mayai wa Ukunda alinipigia simu akacheka tu. Nilipandishwa mshahara kidogo. Mume wangu, ambaye alikuwa mlinzi katika nyumba za kifahari za wageni na alikuwa amepunguziwa zamu, alisema sasa tunaweza kuezeka chumba cha pili. Nilitembea kifua mbele katika hoteli ile, sikatai.

Miongoni mwa waliotuuzia palikuwa na mama mmoja wa pande za Msambweni, mjane, umri kama wa mama yangu mzazi. Yeye alituletea makuti. Hakuyashona peke yake. Alikuwa na wanawake kama arobaini katika vijiji vya huko, kila mmoja akishona kwake barazani. Yeye aliyakusanya, akakodi lori, akayaleta. Paa zote za hoteli, mkahawa, baa na vibanda vya bustanini, zilikuwa kazi ya mikono ya wanawake wale. Mimi nikimwita mama, naye akiniita mwanangu, na kila alipokuja ofisini alinisalimia kwa utaratibu, habari za nyumbani kwanza, watoto, wazee, kisha ndipo alipotaja kazi.

Kabla ya mvua za masika mkahawa ulianza kuvuja. Tukamwagiza makuti elfu nane, oda yake ya kwanza tangu mfumo uanze. Aliyaleta kwa safari tatu, yakahesabiwa, yakapokelewa, mafundi wakapanda juu. Siku ya saba pesa haikwenda. Nilifungua mfumo, nikaona mstari mwekundu: pini ya muuzaji imefungwa, ankara haiwezi kutolewa.

Nilimpigia simu. Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nambie, nimekosa nini?"

Hakuwa amekosa kitu ambacho angeweza kukijua. Tulikodi tuktuk siku ile ile, tukaenda kwenye dawati la ushuru. Afisa alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliingiza namba ya kitambulisho, akatazama skrini kwa muda, akaigeuza tuione.

Miaka kadhaa nyuma, binti wa mama huyu alipokuwa akitafuta msaada wa karo, mama alitakiwa awe na pini. Alikwenda kwa kijana wa kompyuta Ukunda, akalipa shilingi mia mbili, akatengenezewa. Kijana yule, kwa haraka au kwa kutojua, alimsajili kama mfanyabiashara wa kulipa kodi ya ongezeko la thamani, ambaye hutakiwa kupeleka hesabu kila mwezi. Mama hakupeleka hata mwezi mmoja, maana hakuambiwa. Kila mwezi ulizaa faini, na faini zikazaa riba. Jumla iliyokuwa pale kwenye skrini ilikuwa kubwa kuliko thamani ya nyumba yake na minazi yake pamoja.

Mama aliisoma ile namba polepole, akiifuata kwa kidole bila kugusa kioo.

"Hizi ni za nani?" aliuliza.

"Ni zako, mama," afisa akasema.

"Zangu mimi?"

"Ndiyo. Lakini unaweza kuomba zifutwe. Uandike barua, ueleze, uambatishe kitambulisho. Itapelekwa juu."

"Na huko juu wanachukua muda gani?" niliuliza mimi.

Afisa alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitia hofu. "Siwezi kukudanganya, dada. Inategemea."

Tuliandika barua pale pale, mimi nikiandika naye akitia sahihi yake ya herufi kubwa kubwa. Tulipofika Ukunda aliniomba nimwambie dereva amshushe, akasema atatembea kidogo.

Wiki ya pili alianza kuja kila siku. Aliketi kwenye benchi la geti la nyuma, pale wauzaji wanapongojea kupima mizigo, na kila nilipotoka aliinuka. Hakudai. Aliuliza tu, "Bado, mwanangu?" nami nikasema, "Bado, mama." Baadaye nikaanza kupitia geti la mbele, ambalo wafanyakazi hatukuruhusiwa kulitumia, ili nisimwone. Niliomba radhi kwa askari wa pale nikasema miguu inaniuma.

Niliingia kwa bosi mara tatu. Mara ya kwanza nilimwomba amlipe taslimu. Alisema taslimu ndiyo iliyotuponza. Mara ya pili nikasema tumlipe sasa, ankara ije baadaye pini ikifunguliwa. Alitoa barua ya wenye hoteli kwenye droo, akaiweka mezani ikiwa imekunjwa, hakuikunjua.

"Madam, mimi si mtu mbaya," alisema. "Yule mama namjua. Lakini nikilipa bila ankara, ile pesa mwaka ujao itakatwa tena, na safari hii ni mimi nitaenda nyumbani. Niko na watoto wawili campus. Unataka nifanye nini?"

Mara ya tatu nilisimama mlangoni, naye akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Siku iliyonivunja ilikuwa Ijumaa. Mama hakuja benchini, nami badala ya kufurahi nikaingiwa na wasiwasi. Jioni, nikienda nyumbani, nilipitia kwake. Niliwakuta wanawake kumi na wawili au kumi na watatu uani. Hawakuwa wakigomba. Walikuwa wameketi chini, wengine na watoto migongoni. Mama alikuwa na masufuria makubwa ya kukodisha kwa harusi na matanga, yale ya kupikia pilau ya watu mia. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake nyingine. Mwanamke mmoja alikuwa amejitwika sufuria moja kichwani akitoka nalo mlangoni. Alipopishana nami aliinamisha macho.

"Mwache," mama aliniambia, ingawa sikuwa nimemzuia. "Mtoto wake amelazwa. Kazi yake nimeichukua, pesa yake sijampa. Angechukua nini?"

"Nitafanya kitu, mama."

"Utafanya nini, mwanangu? Wewe umeajiriwa tu."

Jumatatu nikafanya. Binti yake alikuwa Uarabuni kwa kazi za ndani, na hapakuwa na mtu mwingine wa kwake mwenye pini safi. Mimi nilikuwa nayo. Nilijisajili katika mfumo kama muuzaji wa makuti, kwa namba yangu ya pili ya simu, nikatoa ankara ya kielektroniki ya makuti elfu nane kwa jina langu, nikaihamishia oda ya mama kwangu, nikailinganisha na mzigo uliopokelewa. Siku ya saba pesa iliingia kwenye simu yangu. Sikukaa nayo hata dakika kumi. Niliituma yote kwa mama, na ada ya kutuma nikailipa kwa mshahara wangu.

Alinipigia akilia. Nami nililia, chooni, mfereji ukiwa wazi ili nisisikike.

Lau ningeishia hapo labda ningenusurika. Lakini mvua zilikuja kubwa mwaka ule, baa nayo ikaanza kuvuja, na barua yetu bado ilikuwa huko juu. Nikatoa ankara ya pili. Kisha vibanda vya bustanini, ya tatu. Kila mara nilijiambia kwamba simuibii mtu. Makuti yalikuwa ya kweli na bei ilikuwa ya kweli, paa zilikuwa hazivuji, wanawake walikuwa wamelipwa. Ukweli wote ulikuwapo, isipokuwa jina.

Ule ulinganisho wa kila mwisho wa mwezi ulikuwa haujawashwa. Kampuni iliyotuuzia mfumo ilikuwa ikituahidi tu. Nilikuwa nimeusahau, mimi niliyeuomba. Waliuwasha bila kuniambia, na taarifa haikuja kwangu, ilikwenda kwa bosi, kama nilivyoelekeza mwenyewe.

Aliniita asubuhi kabla ya chai. Mlango aliufunga. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu.

"Hii pini ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulipata ngapi?"

"Sikupata hata shilingi. Nilimtumia yote. Nina ujumbe wa simu, kila mmoja." Nilimpa simu yangu. Aliipokea, akasoma, akapandisha ujumbe kwa kidole, akaushusha, akasoma tena. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Naamini," alisema mwishowe. "Mimi binafsi naamini kabisa. Lakini niandike nini kwa ripoti? Kwamba mfanyakazi wa malipo alijilipa mara tatu, lakini ni sawa kwa sababu ana roho nzuri?"

"Andika ukweli."

"Huo ndio ukweli, madam. Ulijilipa mara tatu."

Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Alisimama dirishani akinipa mgongo, na nadhani alikuwa akisali. Nilipewa nafasi ya kujiuzulu ili nisiandikiwe barua ya kufukuzwa. Nilikubali. Miaka tisa iliingia katika mfuko mmoja wa karatasi: kikombe, ndara za ofisini, kalenda, na shali niliyokuwa nikijifunika kiyoyozi kilipozidi.

Nilidhani hilo ndilo pigo. Miezi michache baadaye, nikiwa sina kazi, ilinibidi nipeleke hesabu zangu za mwaka kwa watu wa ushuru. Nilipofungua ukurasa wangu nilikuta umekwisha kujazwa: mshahara wangu, na chini yake mauzo ya makuti, ankara tatu, jumla yake karibu laki tano. Mfumo wao ulikuwa umenitambua kuwa mfanyabiashara. Ulitaka nilipe ushuru wa laki moja na nusu hivi.

Nilirudi kwenye lile dawati. Afisa alikuwa yule yule mwembamba. Alinikumbuka.

"Haya ni mauzo, dada," alisema. "Ulinunua wapi hayo makuti? Ukinionyesha ankara za waliokuuzia, tutatoa gharama, utalipa kidogo."

"Walioniuzia ni wanawake arobaini wa Msambweni. Wengine hata simu hawana."

"Wana pini?"

"Hawana."

Alikunja vidole vyake juu ya meza. "Basi kwa mfumo hukununua. Uliuza tu."

Nilicheka. Ilinitoka bila kutaka, na watu waliokuwa foleni wakageuka. Maneno yale nilikuwa nikiyasema mimi kwa wavuvi na wauza mboga, kwa upole ule ule, nikiwa nimevaa shali yangu. Nikamwuliza kama ningeweza kueleza jinsi mambo yalivyokuwa, kwamba pesa ilipita tu mikononi mwangu. Alisema ninaweza kuandika barua. Itapelekwa juu. Kwa sasa angeweza kunigawia deni kwa awamu, ili riba isinimalize. Nikatia sahihi.

Nyumbani mume wangu aliisoma ile ratiba ya awamu akiwa amesimama. "Kwa makuti," alisema. "Ya mtu mwingine." Siku ya tatu aliuza baiskeli yake, akaanza kwenda zamu kwa miguu kutoka nyumbani hadi barabara kuu, na kutoka hapo kuomba lifti. Sikuwahi kumsikia akinilaumu. Nilikuwa namsikia akivua viatu asubuhi, polepole, kimoja, kisha kimya kirefu, kisha cha pili.

Nilikwenda hotelini mara moja tu, kuchukua barua ya utumishi. Nikaona mafundi juu ya mkahawa. Walikuwa wakiyang'oa makuti yetu, yaliyokuwa hayajamaliza hata mwaka, na kuweka ya plastiki. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Yana rangi ya hudhurungi na hata ncha zake zimekatwa zionekane zimechakaa. Yanauzwa na kampuni ya Mombasa inayotuma ankara ya kielektroniki kabla lori halijatoka. Msichana aliyechukua nafasi yangu aliniambia kwa fahari kwamba muuzaji yule hajawahi kupata mstari mwekundu. Nilimwambia ni vizuri. Makuti yaliyong'olewa yalikuwa yamerundikwa nyuma ya jiko la hoteli, wapishi wakiyachukua kuwashia moto wa kuchoma nyama.

Hoteli nyingine mbili zilifuata. Wanawake wa Msambweni walishona kwa muda, wakitumaini, mpaka mafungu yakaanza kuliwa na mchwa barazani. Wengine walikwenda kuponda kokoto. Mmoja alihamia Samburu, ile ya kwenye barabara kuu ya Nairobi, kwa dada yake, kuuza chai kwa madereva wa malori.

Mama alipata jibu la barua yake baada ya mwaka na miezi. Faini zote zilifutwa, pini ikafunguliwa. Alipata ujumbe kwenye simu, akaja nayo kwangu nimsomee. Nilimsomea mara mbili. Aliuliza sasa anaweza kuwauzia hoteli, nikasema ndiyo, sasa hakuna wa kumzuia.

"Na nani atanunua?"

Alikaa kitako kwenye mkeka, akaitazama simu yake ndogo kama mtu aliyerudishiwa ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Kisha akafungua pindo la leso yake, akatoa pesa zilizokunjwa. Binti yake alikuwa ametuma kutoka Uarabuni. Elfu nane.

"Chukua. Najua unalipa kila mwezi. Watu wameniambia."

"Mama, sitaki. Hukuniomba nifanye nilivyofanya."

"Sikukuomba," alisema. "Ndiyo maana silali."

Nilikataa mara ya pili. Nilikataa kwa sauti kubwa, kwa kiburi kilichokuwa kimebaki. Lakini jikoni hapakuwa na unga, na tarehe ya awamu ilikuwa kesho kutwa, na awamu moja ikirukwa deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Yeye alikuwa ameuweka mkono wake umenyooka, hautetemeki. Nikaipokea. Sikuweza kumtazama usoni. Alinishika kichwa, akaniombea dua fupi ambayo sikuitikia, akavaa ndara zake, akaenda.

Niliituma ile pesa kwa watu wa ushuru jioni ile ile. Ujumbe ulirudi mara moja, ukinishukuru kwa kulipa kwa wakati. Zilibaki awamu kumi na nne.